Bakuli la Nne Mezani kwa Shangazi Lien

Sarafu mbili zikaanguka mezani...

Marehemu akakataa. Kwa mara ya saba!

"Hapana tena," Bao-Zhu alinong'ona. Midomo ilikuwa imemkauka.

Meza ilikuwa imejaa vyakula hadi hapakuwa na pa kuweka kiwiko. Wali, samaki, mayai, chaza... vyote vimepoa. Hakuna aliyekuwa amegusa hata punje.

Pei-Fang akanyanyua macho. Akamtazama Bao-Zhu. Kisha akanitazama mimi.

"Kuna mtu hapa anaficha kitu," alisema. "Na Su-Chin hatuachii tuondoke mpaka kisemwe."

Jamani... mtu huyo nilikuwa mimi.

Ngojeni niwapeleke taratibu, maana hii si hadithi ya kurukia.

Naitwa Yun. Marafiki zangu huniita A-Yun. Nimezaliwa mjini Tainan, nimesomea ushonaji Tainan, nimeolewa hapa hapa. Kule kwenye ushonaji ndiko nilikowapata hawa watatu. Pei-Fang mkali, Bao-Zhu mchelewaji, na Su-Chin mcheshi, yule ambaye angecheka hata akijikata na mkasi.

Kila Jumamosi, saa sita mchana, tulikula kwa Shangazi Lien, mwenye duka la chakula. Meza ile ile ya pembeni, karibu na friji ya vitoweo. Miaka kumi na tisa!

Su-Chin ndiye aliyeshika penseli. Anachukua ile karatasi ya kuagizia vyakula, anatia alama, halafu kwenye supu yangu anaandika kwa mkono: "A-Yun, bila giligilani." Maana mimi na giligilani hatuivi. Ya Pei-Fang anaandika: "Pilipili nyingi, ana hasira."

Na alikuwa na sheria moja tu. Hagusi vijiti mpaka wote wanne tumekaa.

"Su-Chin, supu inapoa!"

"Na ipoe. Bao-Zhu hajafika."

"Bao-Zhu bado yuko bafuni kwake!"

"Basi tunamngoja aoge."

Ndivyo alivyokuwa. Njaa imuume, tumbo linguruke mpaka tusikie sote, vijiti hashiki.

Na mtu huyo ndiye tuliyemfukuza mezani. Kwa sababu yangu.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana Pei-Fang alikuwa na siri. Alikuwa amepanga chumba kimyakimya, anataka kumwacha mumewe na kuondoka na watoto. Siri hiyo aliwaambia watu wawili tu. Mimi na Su-Chin.

Mwenzenu nikaenda saluni. Nimekaa chini ya mashine ya nywele, pembeni yangu nani? Wifi yake Pei-Fang! Tukapiga soga, soga ikanoga... na mdomo wangu ukaniponyoka. Sikuwa na nia mbaya, naapa. Lakini lilishatoka.

Kufika jioni mume anajua. Kesho yake watoto wamepelekwa mji mwingine, Kaohsiung, kwa bibi yao. Miezi minne Pei-Fang hakulala na wanawe nyumba moja.

Alikuja kwangu analia.

"A-Yun, nani kanifanyia hivi? Ni Su-Chin, eti?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikajibu, "We unamjua mdomo wake."

Maneno manne. Sikusema ndiyo, sikusema siye. Nilijiambia kwamba huo si uongo. Nimejiambia hivyo usiku na mchana.

Pei-Fang akamkata Su-Chin. Tukafungua kundi jipya la meseji, la watatu. Su-Chin tukamwandikia kwamba kila mtu ametingwa na kazi, tusitishe kwanza Jumamosi zetu. Halafu sisi tukawa tunakula Jumapili, sehemu nyingine kabisa.

Alijibu mstari mmoja tu.

"Sawa. Mkipata nafasi, meza ipo."

Miezi kumi na moja baadaye kaka yake akapiga simu. Su-Chin amefariki. Saratani ya kongosho. Hatukujua hata kama anaumwa!

Siku ya mazishi tulikwenda watatu, nguo nyeusi, majani ya kujikinga na mizimu mifukoni. Mama yake hakuwepo, maana kwetu mzazi hamsindikizi mwanawe. Picha ya Su-Chin ilikuwa mbele, imezungushiwa maua meupe, anacheka kama kawaida yake. Nilisogea kushoto, macho yapo kwangu. Nikasogea kulia... yapo kwangu! Nikainamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Sasa, kwetu ukitoka msibani huendi nyumbani moja kwa moja. Utamwingiza marehemu ndani. Unapita kwanza mahali penye watu na kelele, ubandukane naye hapo, ndipo urudi kwako. Na mimi nyumbani nina binti wa miaka sita. Sikutaka mchezo.

"Tupite mahali tule," Bao-Zhu alisema.

Hakuna aliyetaja wapi. Pei-Fang alitangulia na pikipiki yake nyekundu, sisi nyuma. Tukazima pikipiki mbele ya duka la Shangazi Lien, tukabaki tunatazamana.

Meza yetu ya pembeni ilikuwa tupu. Saa sita ya Jumamosi, duka limefurika, watu wamesimama na namba zao za foleni... na meza yetu tupu!

Shangazi Lien alituona kutoka kwenye sufuria zake. Akaona nguo nyeusi. Hakutusalimia. Alikuja na mabakuli manne.

"Shangazi, tuko watatu," nikasema.

"Najua kuhesabu."

Akaweka la nne pale alipokuwa akikaa Su-Chin. Akaweka wali, nyama ya nguruwe iliyopikwa mpaka inateleza, yai juu, akalaza vijiti pembeni. Akainama kidogo.

"Su-Chin, kula mwanangu," akasema. Akarudi jikoni.

Bao-Zhu alinishika mkono. Baba yake anafagia hekalu, mambo haya anayajua.

"Mungu wangu, ameshamkaribisha!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sasa ni mgeni wetu. Hatuli kabla yake, wala hatunyanyuki mpaka aseme ameshiba. Ukinyanyuka kabla, anakufuata na njaa yake mpaka kwako."

Nilimfikiria binti yangu.

Basi tukafanya kama tunavyowafanyia wazee wetu waliotangulia. Sarafu mbili. Unauliza, unarusha. Moja ikionyesha sura na nyingine namba, amesema ndiyo. Namba mbili, amekataa. Sura mbili, anakucheka.

Bao-Zhu akafunga viganja. "Su-Chin, umeshiba?"

Akarusha.

Sura mbili.

Tulitabasamu wenyewe, na nguo zetu nyeusi. Su-Chin huyo! Hata amekufa anacheka.

Akarusha tena. Namba mbili. Hapana.

"Labda anataka samaki," Pei-Fang alisema. Tukaagiza supu ya samaki. Hapana.

Chaza wa kukaanga na mayai. Hapana!

Tofu, mayai ya kuchemshwa kwenye soya, vyote alivyovipenda. Hapana! Hapana!

Watu wa meza za jirani walianza kututazama. Baba mmoja aliwanyanyua wanawe, kila mtu na bakuli lake mkononi, wakahamia meza ya mlangoni. Simu yangu ikaita, mama mkwe. Binti yangu anauliza narudi saa ngapi. Nikasema bado kidogo, nikakata.

"Ana kinyongo," Bao-Zhu alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ngoja niseme langu."

Akainamia lile bakuli la nne.

"Su-Chin, mwezi wa tatu nilikuona hospitali. Umekonda, umekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nilijificha nyuma ya nguzo mpaka ukapita. Niliogopa Pei-Fang angekasirika. Nisamehe dada yangu."

Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mkono. Akarusha.

Namba mbili.

Pei-Fang alivuta pumzi. Huyu mwanamke halii hovyo, mnielewe.

"Ulinipigia mara tatu," alisema. "Sikupokea. Ulinivunjia nyumba, Su-Chin, na mimi sikutaka hata kukusikia. Lakini leo nakusamehe. Umesikia? Yaishe. Nakusamehe!"

Akarusha mwenyewe. Sarafu moja ikalala, namba. Nyingine ikabingirika kuvuka meza, ikapita kati ya mabakuli, ikaja kujigonga kwenye kidole changu. Ikalala hapo.

Namba.

Ndiyo hiyo mara ya saba niliyowaambia.

"Kuna mtu hapa anaficha kitu," Pei-Fang alisema.

Nililitazama lile bakuli la nne. Mafuta ya nyama yalikuwa yameshaganda juu ya wali. Pei-Fang amemsamehe marehemu kwa kosa la kwangu, mbele ya macho yangu! Ningenyamazaje tena?

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi niliyesema saluni. Wifi yako alisikia kwangu. Su-Chin hakufungua mdomo wake hata siku moja."

Pei-Fang akanigeukia.

Duka zima linapiga kelele, namba zinaitwa, sufuria zinagongana.

"Rudia," Pei-Fang alisema.

"Ni mimi, Pei-Fang. Uliponiuliza niliogopa. Nikakuacha uamini unachokiamini."

Hakupiga kelele. Bora angenipiga kofi!

"Miezi minne," alisema polepole. "Mwanangu mdogo aling'oka jino la kwanza sipo. Nilitumiwa picha. Na wewe ulikuwa unakuja kwangu na matunda kunipa pole."

"Pei-Fang..."

"Usinitaje jina."

Akachukua helmeti yake, akanyanyuka.

"Pei-Fang usiondoke, hajasema ndiyo!" Bao-Zhu alilia.

"Na anifuate! Nina mengi ya kumwomba msamaha."

Bao-Zhu alizirusha sarafu kwa haraka, kama mtu anayezima moto. "Su-Chin, yamekwisha? Umeridhika?"

Sura mbili.

Pei-Fang akasimama mlangoni.

"Anacheka?" aliuliza. "Anacheka nini?"

"Mimi naweza kukwambia."

Alikuwa Shangazi Lien. Amesimama nyuma yangu, aproni imelowa, mkononi ana rundo la zile karatasi za vyakula alizokuwa amezitunga kwenye msumari.

"Anacheka kwa sababu hamjamwambia jipya," alisema. "Pei-Fang, siri yako uliwapa wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja alikuwa Su-Chin. Na Su-Chin alijua kwamba si yeye."

Nikageuka kumtazama Shangazi.

Wasomaji wangu, mwaka mzima nilijiona mjanja. Nilidhani hakuna anayejua isipokuwa mimi. Sikuwahi hata mara moja kufikiri hesabu ndogo namna ile. Su-Chin alijua tangu siku ya kwanza! Aliposoma ile meseji yetu ya kazi kututinga, alijua. Alipoandika meza ipo, alijua, na alikuwa ananiandikia na mimi.

"Nilimwambia ampigie Pei-Fang aseme ukweli," Shangazi aliendelea. "Akapiga. Haikupokelewa. Nikamwambia mwandikie basi, mtaje A-Yun. Akakataa. Aliniambia, 'Shangazi, nikimtaja A-Yun watabaki wawili, na hao wawili bila sisi watauana. Acha nikose mimi. Watatu bado wanajaza meza.' Akacheka hapo hapo alipokuwa amekaa."

"Alikuwa anakuja?" Bao-Zhu aliuliza.

Shangazi akaweka zile karatasi mezani.

Kila Jumamosi, jamani. Kila Jumamosi! Tarehe kwa tarehe. Chakula cha watu wanne. Mwandiko ule ule wa penseli. "Pilipili nyingi, ana hasira." "Bao-Zhu atachelewa, msimmiminie supu mapema." "A-Yun, bila giligilani."

Karatasi za mwisho mwandiko ulikuwa umelegea, herufi zinapandana. Lakini giligilani yangu haikusahauliwa.

"Nilikuwa namwambia kula basi," Shangazi alisema. "Ananijibu, bado hawajafika. Ikifika saa nane anafungasha vyote, anaondoka. Siku ya mwisho hata maji yalikuwa hayapiti. Bado aliagiza vya wanne. Tangu hapo Jumamosi simpi mtu meza hii."

Nilikuwa nalia kwa sauti, watu wakitazama na watazame.

Ni Bao-Zhu aliyeshtuka kwanza. Akaliangalia bakuli la nne, akatuangalia sisi, vijiti vyetu havijaguswa.

"Sisi ni wajinga," alisema. "Tunamuuliza kama ameshiba. Su-Chin hajaanza kula! Lini alikula kabla yetu? Sisi tunamngoja yeye, yeye anatungoja sisi!"

Tukageuka mlangoni wote wawili.

Pei-Fang alikuwa bado amesimama na helmeti mkononi. Nje pikipiki yake nyekundu inachomwa na jua. Hatua tatu tu na angekuwa ameondoka, na mimi nisingekuwa na haki ya kumzuia.

"Pei-Fang," nikasema, "si kwa ajili yangu."

"Ninyamazie."

Akarudi. Akaweka helmeti chini. Akakaa kwenye kiti chake, bila kunitazama, akashika vijiti.

"Kuleni," alisema, kama anayemwambia mtu aliye mbali.

Tukala.

Wali baridi, samaki baridi, mafuta yameganda. Tulikula tunalia. Nilivuta supu yangu, nikanywa. Haikuwa na giligilani.

Tulipomaliza Bao-Zhu akafunga viganja. Akazitikisa sarafu mpaka zikawa zinalia ndani.

"Su-Chin, tumefika wote. Tumekula. Umeshiba?"

Sarafu moja ikaanguka. Sura.

Nyingine ikasimama kwa ukingo, ikazunguka, ikazunguka... ikalala.

Namba.

Pei-Fang alilia hapo. Aliulalia ule upande wa meza wa Su-Chin, akalia kama mtoto. Kisha akafuta uso, akachukua helmeti, akaondoka. Jioni ile kundi letu la watatu likafutwa.

Mimi nilirudi nyumbani, nikambeba binti yangu. Hakuna aliyenifuata. Mlango niliuacha wazi kidogo kabla ya kuufunga, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka Su-Chin anifuate.

Imepita miezi mitano.

Wengi mtauliza funzo ni nini. Funzo ni hili hapa: kama kuna kosa lako ambalo mwenzako amelibeba, nenda kaseme leo. Kaseme akiwa na masikio ya kukusikia na mdomo wa kukutukana. Usingoje umwombe msamaha kwa kurusha sarafu mezani. Na usijidanganye kwamba hajui. Anajua. Anakustahi tu, na anakungoja.

Sasa niwaambie nilipo.

Naandika haya nikiwa kwa Shangazi Lien, meza ya pembeni, karibu na friji. Ni Jumamosi ya ishirini na moja nakaa hapa. Nashika penseli mimi sasa. Naagiza vya watu wanne. Saa nane nafungasha.

Bao-Zhu alianza kuja mwezi uliopita. Amefika leo pia, amechelewa kama kawaida, yuko mbele yangu anajipepea na karatasi.

Pei-Fang, najua unaufuata ukurasa wangu huu wa mtandaoni. Jumamosi iliyopita nilikuona ulivyopunguza mwendo pale nje.

Ni saa saba na dakika arobaini. Kwenye bakuli lako nimeandika pilipili nyingi. La Su-Chin liko pembeni yako.

Supu inapoa. Na ipoe.

Sijashika vijiti.